Doa la kahawia mgongoni: huyu ni Bombus gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nilizaliwa Muheza, sasa naishi St. Paul, Minnesota. Mwezi wa nane nilipiga picha nne za nyuki mnene mwenye manyoya kwenye maua ya jirani yangu. Ana doa la kahawia mgongoni. Programu ya simu inasema ni Bombus affinis, yule anayelindwa na sheria huku. Jirani anabisha. Nitajuaje kwa hakika? Na je, ni ndugu wa wale nyuki weusi wanaotoboa boriti za nyumba kwetu?"

Marahaba. Nimezitazama picha zote nne, na jambo la kwanza la kukuambia ni kwamba humo hamna nyuki mmoja. Picha ya kwanza na ya pili ni za nyuki yuleyule, naye ni Bombus griseocollis, kwa hiyo hapo jirani yako ameshinda. Ya tatu ni Bombus impatiens, na ule mstari mweupe mgongoni mwake si rangi yake ya kuzaliwa. Ya nne huenda ndiye huyo mnayemgombania, ila picha yenyewe hainiruhusu kuapa. Nitakueleza nilivyofika hapo ili msimu ujao usihitaji kuniuliza.

Nianze na wale wa Muheza, maana hao ni wepesi. Nyuki wanaotoboa boriti ni wa jenasi ya Xylocopa. Wako katika familia moja na nyuki bambi, yaani hawa wa jenasi ya Bombus, familia ya Apidae, kwa hiyo undugu upo lakini wa mbali. Tazama tumbo: la Xylocopa aghalabu ni jeusi, tupu juu na linang'aa, ilhali la nyuki bambi limefunikwa manyoya. Aina mojawapo ya kwetu, Xylocopa caffra, jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, na dume ni wa njano mwili mzima, hata watu humdhani mdudu mwingine kabisa. Jenasi ya Bombus yenyewe haina aina ya asili kusini mwa Sahara. Barani Afrika wako kaskazini tu, Moroko, Algeria na Tunisia. Kwa hiyo hukuwahi kukutana nao utotoni, na jicho lako linaanza upya. Wala usidhani ni wageni peke yao wanaochanganya, kwa sababu mashariki mwa Marekani wanao wa kwao, Xylocopa virginica, na wenyeji hutuma picha zake kila mwaka wakiamini ni nyuki bambi.

Kuna pia nzi wanaojifanya nyuki hawa, wenye manyoya na rangi zilezile. Hesabu mabawa. Nzi ana mawili, nyuki ana manne, japo mabawa ya nyuki hushikana na mara nyingi huonekana kama jozi moja. Ukishindwa kuhesabu, angalia vipapasio: vya nyuki ni virefu na vina kiwiko, vya nzi wengi wa namna hiyo ni vifupi mno, vimejificha kati ya macho makubwa.

Sasa tuje kwenye doa.

Duniani kuna takriban aina 260 za Bombus, na Minnesota peke yake wamerekodiwa zaidi ya 20. Wengi wao ni weusi na njano. Ukisema "mweusi, ana njano, ana kahawia kidogo" hujasema kitu bado. Wataalamu husoma mwili kwa mahali: rangi gani iko juu ya kichwa, gani kifuani kati ya mabawa, gani kwenye kila pingili ya tumbo. Pingili huhesabiwa kuanzia kiunoni kwenda nyuma. Jike huonyesha sita, dume saba. Rangi ya pingili ya pili ndiyo inayoamua kesi yako, basi jizoeze kuitafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Iko karibu na kiuno kuliko watu wanavyodhani. Nyuki akiwa amejikunja kwenye ua, pingili ya kwanza hujibana chini ya kifua isionekane vizuri, na hapo mwanafunzi huhesabu ya pili kuwa ya kwanza, na hesabu yote huharibika.

Fungua picha yako ya kwanza, uivute mpaka tumbo lijaze kioo. Pingili ya kwanza ni njano tupu. Ya pili ina kahawia mbele, imekaa kama mwezi mwandamo, ikigusana na ile njano ya pingili ya kwanza. Sasa tazama nyuma ya kahawia hiyo na pembeni mwake, ndani ya pingili ileile. Ni nyeusi, hamna unywele wa njano. Huyo ni griseocollis. Kifua nacho kinakubaliana: manyoya mafupi, yamelingana kama yamenyolewa, na katikati kuna kidoa kidogo cha mviringo kisicho na manyoya.

Kwa Bombus affinis, doa la rangi ya kutu liko katikati ya pingili ya pili, na njano inalizunguka pembeni na nyuma, kama kiraka kilichoshonwa juu ya kitambaa cha njano. Kifuani, weusi ulio kati ya mabawa haubaki duara. Mara nyingi huchomoza kwenda nyuma kwa ncha, ukitazama kutoka juu unafanana na pini ya kubania karatasi. Kwa ufupi, usiulize kama doa lipo, bali limezungukwa na nini. Nimeona watu wengi wakibishana juu ya rangi ya doa, huyu anasema kutu, yule anasema kahawia, wakati rangi ya doa ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Kamera ya simu hurekebisha rangi kwa hiari yake. Jua la saa kumi alasiri huongeza wekundu. Na manyoya yenyewe huchujuka: mfanyakazi aliyekwisha kuzeeka mwishoni mwa msimu anaweza kuwa na kutu iliyopauka hadi kufanana na majani makavu.

Kuna jambo jingine ambalo programu yako haikukuambia. Malkia wa affinis hana kiraka kabisa. Kiraka wanacho wafanyakazi na madume. Malkia pingili zake mbili za mwanzo ni njano yote, zilizobaki nyeusi. Kwa hiyo ukimwona Aprili au Mei nyuki mkubwa ajabu, mwenye njano kwenye pingili mbili bila kutu, usimwondoe kwenye orodha ya washukiwa. Mpige picha nyingi, kwa sababu wapo wenzake wanaofanana naye, na hapo shavu na kifua ndivyo vitakavyotoa ushahidi.

Kwa nini programu ilisema affinis? Programu za namna hii hulinganisha picha nzima na maelfu ya picha nyingine, hazikai chini kuhesabu pingili. Zaidi ya hapo, uko St. Paul, na majiji hayo mawili, St. Paul na Minneapolis, ni miongoni mwa sehemu chache ambako affinis bado huonekana mara kwa mara. Pendekezo halikuwa la kijinga. Hadi miaka ya 1990 nyuki huyu alikuwa wa kawaida katika eneo kubwa la mashariki na kaskazini ya kati ya Marekani, hadi kusini mwa Kanada. Kisha akaporomoka. Magonjwa, dawa za kuulia wadudu na kupotea kwa maua ya porini vinatajwa pamoja. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, nyuki wa kwanza kuorodheshwa katika bara hilo ukiacha visiwa vya Hawaii, na mwaka 2019 Minnesota ikamfanya nyuki rasmi wa jimbo. Tangu hapo kila mtu anamtaka awe kwenye bustani yake, na ukimtaka sana utamwona hata asipokuwepo. Lakini griseocollis ni wengi, na doa lao la kahawia limeshawapa watu furaha ya bure mara nyingi.

Picha ya tatu imenichekesha kidogo, niwie radhi. Umeandika chini yake "aina adimu yenye mstari mweupe". Hiyo ni chavua, yaani unga wa maua. Tazama kwa makini utaona mstari unaanza katikati ya kifua na ukingo wake haukunyooka, na chembe nyeupe zimeshikana juu ya ncha za manyoya badala ya manyoya yenyewe kuwa meupe. Kuna mmea wa sehemu zenye unyevu huko, Impatiens capensis, wenye maua ya rangi ya machungwa yaliyoning'inia. Sehemu ya ua inayotoa chavua iko juu, kwenye dari ya mlango, na nyuki akipenya kufuata mbochi, yale maji matamu ya ua, hupakwa mgongoni, palepale ambapo miguu yake haifiki vizuri anapojisafisha. Kuanzia kiangazi hadi Septemba utawaona wengi wenye mstari huo, wa aina mbalimbali. Ukiutoa mstari, unabaki na nyuki mwenye kifua cha njano, pingili ya kwanza njano, na zote zilizofuata nyeusi. Huyo ni impatiens, wa kawaida kabisa kwenye bustani za mjini.

Chavua hudanganya hata ikiwa ya njano. Nyuki aliyetoka kugaragara kwenye ua anaweza kuonekana ana njano mahali ambapo hana. Upara nao hudanganya. Nyuki mzee hupoteza manyoya kifuani kwa kuingia na kutoka kwenye kiota, na ngozi nyeusi inayobaki inasomeka kama doa la rangi. Vilevile usipime aina kwa ukubwa. Ndani ya kiota kimoja, dada wa mama mmoja, mkubwa anaweza kuwa na uzito mara kadhaa ya mdogo.

Picha ya nne ndiyo iliyonikalisha. Nyuki ameinama upande wa kushoto, na bawa limelala juu ya pingili ya pili, tena kwa bahati mbaya limeakisi jua. Naona njano kwenye ukingo wa pingili hiyo, nyuma ya pale ambapo kutu ingekuwa. Naona weusi wa kifua ukichomoza nyuma. Hayo yote yanaelekea affinis. Lakini kuna Bombus rufocinctus, ambaye hubadilika rangi kuliko wote, mara ana wekundu, mara hana, mara njano imepanda, mara imeshuka, na kwa pembe hii siwezi kumtoa. Bombus bimaculatus naye ana njano katikati ya pingili ya pili. Yeye namtilia shaka kidogo, kwa kuwa huanza mapema na kufikia mwezi wa nane wengi wao wameshapungua, ila tarehe haitoshi kumwachia mtu huru.

Kwa hiyo jibu la picha ya nne ni Bombus tu, bila jina la pili. Najua linakera. Lakini kwenye kazi hii jibu la namna hiyo ni jibu kamili, na mtu anayekupa jina la aina kwa kila picha unayomtumia ni wa kuogopwa. Ziko aina ambazo hata picha safi haziwezi kuzitenganisha. Wasomaji walioko Uingereza wanaijua shida ya Bombus lucorum: yeye na wenzake wawili, cryptarum na magnus, wafanyakazi wao hawatofautishiki kwa kutegemewa ila kwa kupima vinasaba. Anayekwambia amewatambua kwa simu, mwachie mwenyewe.

Sasa namna ya kupiga. Kosa lako ni la wengi: picha nne nzuri za kutazama, zote kutoka ubavuni, zote ua likiwa kubwa kuliko nyuki. Mimi nataka pembe tatu za nyuki mmoja, yaani juu kabisa ya mgongo, ubavu, na uso. Ya mgongo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwako, kwa sababu ya pingili ya pili. Ya ubavu huonyesha mguu wa nyuma. Jike wa aina nyingi ana sehemu pana, laini, inayong'aa, iliyozungushiwa nywele ndefu, hicho ni kikapu cha kubebea chavua. Dume hana. Ya uso huonyesha shavu, yaani nafasi kati ya ncha ya chini ya jicho na mzizi wa taya. Aina nyingine wana shavu refu na uso mrefu, affinis shavu lake ni fupi na ulimi wake mfupi. Ndiyo maana wakati mwingine utamkuta akitoboa ua refu kwenye kitako na kuiba mbochi bila kupita mlangoni. Tabia hiyo peke yake haimtambulishi, lakini ukiiona, kaza macho.

Weka simu ipige picha mfululizo, ishirini au thelathini kwa mkupuo, kisha uchague nyumbani. Usivute kwa vidole kabla ya kupiga. Sogea wewe, polepole, kivuli chako kisimwangukie, maana kivuli ndicho kinachomkimbiza kuliko sauti. Gusa kioo pale alipo nyuki, kisha punguza mwanga kidogo, kwa sababu simu ikiona mwili mweusi huongeza mwanga hadi njano inaungua na kuwa nyeupe. Zima kila kitu kinachojiita kuboresha picha. Baadhi ya simu siku hizi hujaza manyoya ambayo hayakuwepo, na mtazamaji wa mbali hana namna ya kujua. Asubuhi ya baridi ni rafiki yako. Nyuki hawa huhitaji kupasha misuli kabla ya kuruka, na mwishoni mwa msimu madume hulala nje juu ya maua, unaweza kuwazunguka pande zote kabla hawajaamka. Dume hana mwiba, ingawa sikushauri umjaribu kabla hujawa na uhakika kwamba ni dume.

Tena, usichanganye. Nyuki mmoja, rekodi moja. Ulipoziweka picha zako zote nne kwenye rekodi moja, ulimpa mtazamaji nyuki mwenye doa la griseocollis, mstari wa chavua wa impatiens na ubavu wa yule wa nne, kiumbe ambaye hayupo duniani. Nyuki akiondoka na mwingine akatua palepale, hesabu kwamba umeanza upya hata kama wanafanana. Andika tarehe, mahali, na ua alilokuwa juu yake. Ua likikushinda jina, lipige picha pamoja na majani yake.

Huenda utasoma mahali kwamba njia bora ni kumtia nyuki ndani ya kichupa, ukamweka kwenye barafu dakika chache hadi apoe, ukampiga picha akiwa ametulia, kisha ukamwachia. Wataalamu hufanya hivyo na nyuki haumii ikifanywa sawasawa. Wewe usifanye. Affinis analindwa na sheria ya taifa, na kumkamata bila kibali ni kosa hata kama nia ni njema na unamrudisha baada ya dakika kumi. Kwa kuwa hujui ni nani mpaka umtazame, na uko ndani ya eneo lake, njia salama ni kutomshika yeyote. Kumpiga picha akiwa juu ya ua hakukatazwi.

Picha zipeleke kwenye tovuti ya Bumble Bee Watch, ambako Xerces Society, shirika la kuhifadhi wadudu, na washirika wake wanakusanya picha za wananchi wa Marekani na Kanada tangu 2014, na wataalamu huzipitia. iNaturalist, tovuti ya wananchi kuweka picha za viumbe wa kila aina, nayo ni nzuri na majibu huja haraka, ila kumbuka kwamba huko jina hupitishwa kwa watu kukubaliana, na watu wawili wanaweza kukosea pamoja. Wakikubali haraka mno, waulize wameona nini kwenye pingili ya pili. Mwenye ujuzi atakujibu bila kuchukia.

Rekodi yako ya sasa igawanye mara tatu: picha mbili za griseocollis, moja ya impatiens, na ya nne ibaki yenyewe kama Bombus. Usiifute hiyo ya nne, kwa sababu mtu anayepanga ziara za ukaguzi anaweza kuiona na kuamua bustani ya jirani yako inafaa kupitiwa. Mwakani muombe ruhusa tena kuanzia katikati ya Julai, hasa akiwa na Monarda fistulosa, lile ua la zambarau lenye vichwa vilivyotimka, maana affinis hulipenda. Simama juu yake, simu ikitazama chini moja kwa moja, na usubiri nyuki afungue mabawa.